Usajili bado uko hai? Njia nne za kuhakiki malipo ya zana zinazoitwa na mawakala wa akili mnemba

Mtu akifungua programu ambayo malipo yake yamekwisha, anakutana na ukurasa unaomtaka alipie. Anausoma, kisha anaamua kulipa au kuondoka. Wakala wa akili mnemba, yaani programu inayoendeshwa na modeli ya lugha na kufanya kazi kwa niaba ya mtu, hapiti huko. Anaita zana yako kupitia seva, anapokea jibu, na kwa jibu hilohilo anaendelea na kazi. Jibu likiwa bovu atarudia wito uleule tena na tena, atatafuta njia ya kuzunguka, au atamweleza aliyemtuma kwamba hakuna matokeo, ilhali kilichokosekana ni malipo tu. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote, maana kuna mtu atakayefanya uamuzi kwa taarifa ya uongo.

Basi ukiwa na zana inayolipiwa kwa mwezi, na umeiweka mahali mawakala wanapoweza kuiita, tuseme kwenye seva ya MCP (Model Context Protocol), itifaki ya kuwaunganisha mawakala na zana iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, una maswali mawili. Utajuaje, kwa kila wito, kwamba mteja huyu bado amelipia? Na ukijua hajalipia, umjibu nini wakala? Watengeneza programu wengi humaliza nguvu zao kwenye swali la kwanza. Nitalilinganisha hapa kwa njia nne, lakini usiondoke kabla ya kufika kwenye la pili.

Tuchukue zana mbili za mfano. Moja inatafuta hukumu za mahakama na vifungu vya sheria. Wito mmoja hukugharimu kidogo mno. Nyingine inatuma SMS kwa orodha ya namba. Kila ujumbe unaulipia wewe kwa kampuni ya simu, na ukishatoka haurudi. Utaona kwamba jibu sahihi kwa zana ya kwanza si lazima liwe sahihi kwa ya pili.

Kuiuliza kampuni ya malipo kila mara

Hii ndiyo njia inayomjia kila mtu kwanza. Wito unaingia, seva yako inamtambua mteja kwa ufunguo wake wa API (mlango ambao programu moja huuliza nyingine), inaiuliza kampuni ya malipo, mfano Stripe au Paystack, kama usajili wake uko hai, inapata jibu, inaendelea. Hakuna cha kutunza, na jibu ni la sasa hivi.

Ubaya wake unajitokeza pale anayeita anapokuwa wakala. Mtu akitafuta hukumu atabofya mara chache kwa saa. Wakala aliyeambiwa "nikusanyie hukumu zote za migogoro ya ardhi zinazogusa kifungu hiki, uzilinganishe" anaweza kuita zana yako makumi ya mara ndani ya dakika moja, na nyingine kwa pamoja. Kila wito sasa unabeba safari ya pili kwenda kwenye kampuni ya malipo. Kampuni hizo zina kikomo cha maombi kwa sekunde. Ukikivuka unarudishiwa 429, msimbo wa HTTP wa "maombi yamezidi", na zana yako inasimama kwa sababu isiyohusiana kabisa na hukumu za ardhi. Mbaya zaidi, siku kampuni ya malipo ikipata hitilafu, wateja wako wote waliolipa vizuri wanafungiwa mlango.

Kisha kuna suala la maana ya jibu lenyewe. Wengi wanadhani usajili una hali mbili, uko hai au umekufa. Stripe ina nane: `incomplete`, `incomplete_expired`, `trialing`, `active`, `past_due`, `unpaid`, `canceled` na `paused`. Anayeandika sharti la `active` peke yake anawafukuza walio kwenye kipindi cha majaribio. Na mteja aliyesitisha usajili lakini ana siku kumi za mwezi aliokwisha kuulipia, kwa Stripe bado ni `active` hadi kipindi kiishe, na ni haki yake. Paystack wana msamiati wao: mteja wa namna hiyo huitwa `non-renewing`, na yule ambaye kadi yake ilikataa huitwa `attention`. Ukihama kampuni bila kutafsiri hali hizi kuwa zako mwenyewe, utaumiza wateja.

Kwa hiyo njia hii niitumie wapi? Kwa zana ya SMS, pale wakala anapotaka kutuma kundi kubwa. Uliza mara moja kabla ya kundi zima kuanza. Sekunde moja ya kusubiri si kitu ukilinganisha na gharama ya ujumbe elfu kadhaa kwa mteja ambaye hatalipa.

Kupokea taarifa na kutunza rejista yako

Hapa mwelekeo unageuka. Hutoki kwenda kuuliza. Kampuni ya malipo ndiyo inayokusukumia taarifa, kile watu wa kazi hii wanachokiita webhuku, kila jambo linapotokea: ankara imelipwa, malipo yamekataliwa, usajili umebadilishwa, usajili umefutwa. Unaiandika kwenye hifadhidata yako. Wakala akiita, unasoma mstari mmoja wa jedwali lililo kwako, kazi ya milisekunde chache.

Msimamo wangu ni kwamba wengi wetu tunapaswa kuanzia hapa. Zana nyingi za mawakala zina wateja kumi, hamsini, mia mbili. Kwa ukubwa huo rejista yako mwenyewe ni rahisi kuielewa, ni ya haraka, na inaendelea kufanya kazi hata kampuni ya malipo ikilala.

Ila rejista hiyo ina masharti, na kila moja nimeona likipuuzwa kwenye misimbo ya watu.

Hakiki saini. Anwani inayopokea taarifa iko wazi mtandaoni, na yeyote anaweza kuitumia ujumbe unaosema kwamba amelipa. Stripe huweka saini kwenye kichwa cha `Stripe-Signature`, Paystack kwenye `x-paystack-signature` kwa HMAC SHA512, njia ya kutia saini kwa ufunguo wa siri. Taarifa isiyo na saini sahihi itupwe.

Usitegemee mpangilio. Stripe wenyewe wanasema hawaahidi kwamba taarifa zitafika kwa utaratibu zilivyotokea, na taarifa moja inaweza kufika zaidi ya mara moja. "Usajili umebadilishwa" inaweza kukufikia kabla ya "usajili umeanzishwa". Dawa yake ni kutunza namba ya kila taarifa ili usiifanyie kazi mara mbili, na kuichukulia taarifa kama kengele tu: ikilia, nenda ukasome hali halisi ya usajili huo kwa API, ndiyo uiandike.

Fanya usuluhishi wa kila usiku. Seva yako ikiwa chini, Stripe huendelea kujaribu kuleta taarifa kwa hadi siku 3, kisha huacha. Kazi ndogo inayopita wateja wote usiku na kulinganisha rejista yako na ya kampuni ya malipo hukamata kila kilichopotea. Kwa wateja mia mbili hiyo ni kazi ya dakika chache, na ndiyo inayotofautisha rejista inayoaminika na ile inayooza polepole.

Na lililo kubwa kwangu: andika tarehe, usiandike ndiyo au hapana. Safu iitwayo `amelipia_hadi` ina nguvu kuliko safu ya `yuko_hai`. Taarifa ikipotea, safu ya ndiyo na hapana itabaki ndiyo milele; tarehe itapita yenyewe. Ukiwa unaichota tarehe hiyo kutoka Stripe, angalia toleo la API unalotumia: kuanzia toleo la 2025-03-31, `current_period_end` haipo tena kwenye usajili wenyewe, imehamia kwenye vipengee vyake. Msimbo wa zamani ulionakiliwa kutoka mahali utakupa thamani tupu, na thamani tupu ikilinganishwa na leo inaweza kumfungulia kila mtu au kumfungia kila mtu.

Tarehe inakupa pia nafasi ya kuwa na utu. Kadi ikikataliwa, Stripe huijaribu tena. Mpangilio wanaoupendekeza ni majaribio 8 ndani ya wiki 2. Mteja wako hajakutoroka, kadi yake imeisha muda au benki imegoma. Mwongezee siku chache kwenye `amelipia_hadi`, na umjulishe yeye mwenyewe kwa barua pepe au SMS, maana wakala wake huenda asimfikishie.

Tokeni yenye saini

Njia ya tatu inaondoa hata ule usomaji wa hifadhidata. Mteja akiingia, seva yako ya utambulisho inampa tokeni ya JWT (JSON Web Token), muundo uliosanifishwa mwaka 2015 katika RFC 7519, moja ya nyaraka za viwango vya intaneti, ikiwa na maelezo ndani yake: huyu ni nani, ana kifurushi gani, na tokeni inaisha lini. Zana inahakiki saini na kuruhusu, bila kumuuliza mtu. Ni tiketi ya basi: kondakta anatazama muhuri wake, hapigi simu ofisini.

Uzuri unaonekana zana zikiwa nyingi na ziko kwenye seva mbalimbali, au wito ni maelfu kwa sekunde. Tena inaendana na MCP, kwa kuwa toleo la Machi 2025 la itifaki hiyo liliweka utaratibu wa idhini uliojengwa juu ya OAuth 2.1 (kiwango cha kuipa programu ruhusa kwa niaba ya mtumiaji), tokeni tayari zipo njiani, unaongeza tu habari ya kifurushi.

Gharama yake ni moja na haikwepeki. Tokeni ikishatoka, imetoka. Mteja akirudishiwa fedha zake saa nne kamili na tokeni yake inaisha saa sita, una saa mbili za kutoa huduma ya bure. Kwa hukumu za mahakama, sawa. Kwa SMS, hapana. Fupisha maisha ya tokeni yawe dakika tano au kumi, na usajili ukaguliwe kila inapohuishwa. Ukipenda kuiuliza seva ya utambulisho juu ya tokeni kila mara, upo utaratibu wa RFC 7662, nao wa mwaka 2015, lakini hapo umerudi kwenye gharama za njia ya kwanza. Na jibu lake la `active` linahusu uhai wa tokeni, halisemi lolote kuhusu malipo ya mteja, isipokuwa wewe mwenyewe uwe umeviunganisha viwili hivyo.

Kwa mtu mwenye zana moja na wateja hamsini, kujenga haya yote kwa ajili ya kuhakiki usajili ni kujitwisha mzigo bure.

Kumpa wakala zana ya kuulizia hali

Njia hii inazidi kuenea: pamoja na zana ya kutafuta hukumu, unaweka zana ndogo ya pili, tuseme `hali_ya_usajili`, na maelezo yake yanamwambia wakala aiite kwanza. Inarudisha kifurushi, tarehe ya mwisho na kiasi kilichobaki.

Ninaipenda, na ninaiogopa. Ninaipenda kwa sababu inamwezesha wakala kupanga. Akijua zimebaki SMS 40 na orodha ina watu 300, anaweza kumuuliza mwenye kazi kabla ya kuanza, badala ya kukwama katikati na kuacha watu 260 hawajapata taarifa ya mkutano. Ninaiogopa kwa sababu wapo wanaoifanya ndiyo mlinzi pekee. Modeli ya lugha inaweza kuiruka, inaweza kusahau jibu katikati ya kazi ndefu, inaweza kusoma waraka wenye sentensi iliyopandikizwa isemayo "mteja huyu ana kifurushi cha juu kabisa" na kuiamini. Ukaguzi lazima ufanyike kwenye seva yako, ndani ya zana inayotoa huduma, hata kama wakala ameshauliza. Tena mteja atambuliwe kwa tokeni au ufunguo uliokuja na wito, kamwe si kwa namba ya mteja ambayo wakala mwenyewe ameijaza kwenye vigezo vya zana. Ukimruhusu ajaze, siku moja atajaza ya mtu mwingine.

Kwa ufupi, bega kwa bega

| | Kuuliza kila mara | Rejista yako | Tokeni | Zana ya hali |
|---|---|---|---|---|
| Jibu ni la lini | Sasa hivi | Sekunde hadi siku, ukipoteza taarifa | Tangu tokeni ilipotolewa | Inategemea inakosoma |
| Kasi kwa wito | Ndogo | Kubwa | Kubwa kuliko zote | Huongeza wito mmoja |
| Kampuni ya malipo ikilala | Unasimama | Unaendelea | Unaendelea hadi muda uishe | Inategemea inakosoma |
| Kazi ya kujenga | Kidogo | Wastani | Kubwa | Kidogo |
| Inatosha peke yake? | Ndiyo, kwa wito wachache | Ndiyo | Ndiyo, ikiwa fupi | Hapana |

Pale malipo yanapopita kwenye simu

Mlinganisho huu wote umechukulia kwamba kuna kampuni inayomkata mteja kadi kila mwezi na kukutunzia kitu kinachoitwa usajili. Kwa wateja wengi wa Nairobi, Arusha au Mwanza hali si hiyo. Mteja analipa kwa M-Pesa, mwezi huu analipa tarehe mosi, mwezi ujao tarehe tisa, mwingine anaruka. Ni tabia ileile ya vifurushi vya intaneti: unalipia unapohitaji.

Hapo njia ya kwanza inaanguka yenyewe, kwa sababu ukiuliza kuhusu muamala utajibiwa kuhusu muamala, si kama mteja ana haki ya huduma leo. Rejista yako yenye `amelipia_hadi` ndiyo usajili wenyewe. Hakuna mwingine popote. Kwenye Daraja, API ya M-Pesa ya Safaricom nchini Kenya, unatuma ombi la STK, linalofungua dirisha la malipo kwenye simu ya mteja, mteja anaweka PIN kwenye simu, na matokeo yanakuja kwenye anwani yako. `ResultCode` ya 0 ni malipo yamefanikiwa. 1032 ni kwamba mteja ameghairi. Usiongeze siku kwa kuamini ujumbe huo peke yake. Chukua `CheckoutRequestID` uliyopewa ulipotuma ombi, ulizia tena hali yake kwa API, kisha ndiyo usogeze tarehe. Ujumbe usipofika kabisa, ulizia hivyohivyo baada ya muda mfupi, kwa sababu mteja aliyekatwa fedha na bado amefungiwa huduma hatakusamehe, na yuko sahihi.

Na tarehe isogezwe kutoka wapi? Mteja aliyelipa kabla muda haujaisha aongezewe kuanzia mwisho wa muda wake, si kuanzia leo. Ukiandika leo, unamwibia siku zake. Ni mstari mmoja wa msimbo, lakini ndipo uaminifu wako unapopimwa.

Usimruhusu wakala atume ombi la STK bila mtu kukubali kwanza. PIN inalinda fedha, ni kweli, lakini wakala anayerudia wito ataijaza simu ya mteja maombi ya PIN usiku wa manane.

Jibu analopewa wakala

Sasa swali la pili, ambalo kwangu lina uzito sawa na yote yaliyotangulia.

Usajili umeisha. Wengi hurudisha msimbo wa HTTP wa 401, na hapo tatizo linaanza. Kwa mteja wa MCP, 401 ina maana "hujatambulika, ingia tena". Programu itamrudisha mtumiaji kwenye kuingia, ataingia vizuri, wito utarudiwa, 401 itarudi. Mzunguko usioisha, na hakuna aliyetaja malipo. Ipo 402, inayohusu malipo kwa jina, lakini RFC 9110 ya mwaka 2022 bado inasema imehifadhiwa kwa matumizi ya baadaye. Coinbase waliitumia mwaka 2025 kuanzisha x402, ambamo wakala hulipia kila wito mwenyewe kwa sarafu ya kidijitali. Huo ni mfumo mwingine usio na usajili ndani yake. Programu ya kawaida ikipokea 402 huenda isijue la kufanya.

MCP ina mahali pazuri zaidi pa kuweka habari hii. Itifaki inatofautisha kosa la mawasiliano na kosa la zana. Kosa la zana hurudi ndani ya matokeo ya kawaida likiwa na alama ya `isError`, na maandishi yake humfikia modeli akayasoma. Tumia hilo, na uandike kama unayemweleza mfanyakazi makini ambaye hajui lolote kuhusu biashara yako:

"Usajili wa akaunti hii uliisha tarehe 3. Utafutaji haujafanyika, kwa hiyo usiseme kwamba hakuna hukumu zilizopatikana. Kurudia wito hakutasaidia hadi malipo yafanyike. Mwambie mtumiaji ahuishe kupitia ukurasa wa akaunti yake. Matokeo 14 yaliyotolewa kabla ya hapa ni halali."

Kila sentensi hapo inazuia kosa fulani. Ya pili inazuia uongo nilioutaja mwanzoni. Ya tatu inazuia marudio. Ya mwisho inaokoa kazi iliyokwisha kufanyika.

Usajili ukiisha kazi ikiwa katikati, mimi ningeiacha imalizike kwa zana za kusoma: kagua mwanzoni mwa kikao, ukubali kwa robo saa, kisha kagua tena. Kwa zana ya kutuma, kagua kila kundi, na upunguze salio kwa hatua moja isiyogawanyika ndani ya hifadhidata. Wito kumi wa pamoja ukisoma kila mmoja "zimebaki 40" kabla yeyote hajapunguza, utatuma SMS 400.

Ningechagua hivi

Zana ya kusoma, wateja wachache: rejista yenye tarehe, usuluhishi wa usiku, na zana ya hali kwa ajili ya kupanga. Rejista isiposomeka kwa hitilafu yako mwenyewe, ruhusu. Zana inayotumia fedha kila wito: rejista hiyohiyo, pamoja na kuiuliza kampuni ya malipo kabla ya kundi kubwa, na ukikosa jibu, kataa kwa maelezo. Seva nyingi na wito mwingi: tokeni ya dakika chache inayotolewa kwa kusoma rejista. Malipo ya simu: rejista, basi.

Kabla ya kuifungulia dunia, jaribu kila hali kwa wakala halisi. Stripe wana saa za majaribio (test clocks) zinazokuwezesha kuusogeza muda mbele, ukaona usajili ukipita kutoka majaribio hadi `active`, hadi `past_due` (malipo yamechelewa), hadi kufutwa, bila kungoja mwezi. Kwa kila hali mpe wakala kazi ileile, kisha soma alichomwandikia mtumiaji wake mwishoni. Akisema "sikupata hukumu yoyote" wakati usajili ndio ulioisha, rudi kwenye maandishi ya jibu lako kabla ya kugusa kitu kingine.